Kupunguza mwendo mwishoni mwa wimbo kwenye MuseScore

Nimeligundua hili nikiandaa noti za kwaya kwenye MuseScore, programu ya kompyuta ya kuandika noti za muziki. Ukiandika "rit." (kifupi cha ritardando, yaani punguza mwendo taratibu) kwa Ctrl+T, programu huyaona kama maandishi tu, mwendo haubadiliki. Badala yake, chagua noti ambapo wimbo unaanza kulegea, bonyeza Alt+Shift+T kuweka alama ya mwendo, badilisha namba yake (mapigo kwa dakika) iwe 72. Noti zinazofuata zipe 66, kisha 58. Zichague alama hizo, bonyeza V. Waimbaji hawataziona kwenye karatasi, lakini programu huzifuata hata zikiwa zimefichwa, na "rit." yako inabaki peke yake, safi. Njia hii inagoma pale sauti zote zinaposhikilia noti moja ndefu: hapana pa kubandika alama. Hapo weka alama za kimya fupifupi kwenye sauti ya 2 (Voice 2, safu ya pili ya noti kwenye mstari uleule), ubandike alama za mwendo juu yake, nazo za kimya uzifiche kwa V.