Matembezi mepesi ya ziwani, Kenai

Mkiwa Alaska na watoto au wazee, jaribuni njia ya Keen-Eye, inayoanzia kituo cha wageni cha hifadhi ya Kenai, Soldotna. Inapita msituni hadi Headquarters Lake, penye jukwaa la mbao. Hapo kaeni kimya, macho majini. Dawa ya mbu msiisahau!

Njiani ongeeni kwa sauti ili dubu awasikie mapema. Mkimwona, msikimbie. Ila moose, mnyama wa jamii ya kulungu mrefu kama farasi (hifadhi ilianzishwa 1941 kwa ajili yake), ni habari nyingine: akilaza masikio nyuma na manyoya ya shingo yakisimama, hasa akiwa na ndama, kimbieni mjikinge nyuma ya mti mnene.