Namna ya kuuza vitunguu Juba bila kumezwa na pauni

Kabla hujapakia gunia hata moja, uliza bomba linapitisha mafuta au limesimama. Wenzangu wa Konyo Konyo, soko la Juba, walinicheka zamani: mama wa vitunguu na mafuta wapi na wapi? Lakini karibu mapato yote ya serikali ya Sudan Kusini ni mafuta, na yote hupita kwa bomba hadi Port Sudan, bandari ya Sudan, nchi ya watu. Bomba likikwama, mishahara inakwama. Wateja wangu ni walimu, makarani na askari.

Januari 2012 serikali ilifunga visima kwa sababu ya ugomvi na Khartoum kuhusu ada ya kupitisha mafuta. Hayakuanza kutoka tena hadi Aprili 2013. Mimi nilikuwa na magunia arobaini ghalani, nikakopesha kwa "mshahara ukitoka". Daftari bado ninalo. Nusu ya majina yale sijayaona tena sokoni. Basi kopesha mtu mmoja mmoja unayemjua kwake, na deni liandike kwa dola.

Pauni ya Sudan Kusini usilale nayo. Mimi saa kumi jioni nahesabu, natoa ya chakula, iliyobaki naigeuza shilingi za Uganda, maana ndizo nitakazonunulia mzigo ujao. Ukichukua dola, igeuze noti kila upande: yenye doa, mpasuko au ya chapa ya zamani watakupunguzia kesho. Na bei ya benki usiipigie hesabu. Hadi Desemba 2015 dola rasmi ilikuwa pauni 2.96, serikali ilipoiachia, ikaruka hadi kama 18. Sisi hatukushtuka, kwa wabadilisha fedha wa barabarani tulishaizoea bei hiyo. Aliyekuwa na mtu wa kumpa dola za mafuta kwa bei ya benki aliziuza barabarani kwa mlango wa nyuma akatajirika, hajabeba hata kitunguu.

Mafuta ya jimbo la Upper Nile ni mazito, yakipoa yanaganda kama samli, kwa hiyo hupashwa moto na kusukumwa njia nzima. Februari 2024, vita vikiwa vimepamba moto Sudan, bomba la mafuta hayo liliharibika, na pauni ikaporomoka. Ukisikia habari ya namna hiyo, changia lori na mwenzako, uingie na nusu mzigo.

Usidhani pia kwamba wakulima wa Sudan Kusini watakushinda kwa bei hivi karibuni. Ardhi ipo, tena nzuri, ila kuna mafuriko. Mteja wangu wa Bentiu hununua magunia matano kwa mkupuo kwa sababu tangu 2021 mji wao umezingirwa na mafuriko. Anachoogopa zaidi ni maji yanayotoka kisimani pamoja na mafuta, ya chumvi na kemikali, yanayohifadhiwa kwenye mabwawa. Mafuriko yakifika pale, ng'ombe wanakunywa nini? Aliniuliza mimi, kama vile najua.

Nauli sasa. Utalia ukitajiwa ya Elegu, mpakani upande wa Uganda, hadi Juba, na lami ipo, kilomita 192 kutoka Nimule, ng'ambo ya mpaka. Dereva anakutoza kwenda na kurudi, kwa kuwa kitu ambacho nchi hii inauza hakipiti barabarani. Malori huingia yamejaa, hurudi matupu. Kwa hiyo patana naye kabla ya kupakia: magunia yako matupu na wewe mwenyewe mnarudi bure.