Jinsi ya Kuisoma Hali ya Hewa ya Unguja na Pemba Kabla ya Kupanga Kazi au Safari

Anayetaka kuanika karafuu Pemba, kuvuka kwa jahazi au kuwapeleka wageni Paje hapaswi kuanza kwa kuuliza joto likoje, kwa kuwa joto la visiwa hivi halimwambii mengi. Bahari iliyovizunguka hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo mchana wa Februari hufika nyuzi 32 au 33, na usiku wa kipupwe, mwezi wa Julai na Agosti, hushuka hadi kama nyuzi 22 tu. Swali la kwanza ni upepo gani unaovuma.

Subiri jua lipande kidogo, maana upepo wa alfajiri hutoka nchi kavu na huweza kukupotosha. Ukiwa pwani ya Mji Mkongwe, geuza uso baharini, kisha tazama bendera za vyombo na vilele vya minazi. Upepo unaotokea upande wa bega lako la kulia ni kaskazi, ambao kwa kawaida hutawala kuanzia Disemba hadi Machi na kuleta joto na ukavu, hasa Januari na Februari. Ukitokea nyuma ya bega la kushoto ni kusi, ambao huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na ukikaza huichafua bahari ya upande wa mashariki. Ukiona unayumba, leo huku na kesho kule, hayo ni maleleji, na aghalabu mvua haziko mbali: masika kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Disemba. Mvua za mchoo, zinazonyesha kidogokidogo katikati ya kipupwe, wageni wengi hawazitarajii kabisa.

Baada ya upepo, tazama uko upande gani wa kisiwa. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na ndani ya Unguja kwenyewe magharibi na katikati, kama Dole na Kizimbani, hulowa zaidi kuliko uwanda wa mawe wa mashariki. Kwa hiyo mvua kubwa ya mjini si sababu ya kuahirisha safari ya Jambiani kabla ya kumpigia simu mtu aliyeko huko.

Kwa mwenye karafuu, hesabu ni ya siku kadhaa mfululizo za jua, na msimu mkubwa wa uchumaji hukutana na vuli. Anika juu ya majamvi yanayokunjika upesi, na mtu asiondoke karibu, kwa sababu wingu la vuli halichelewi. Karafuu iliyokauka barabara huvunjika kwa mlio ukiibana kwa vidole. Inayopinda irudishe juani, hata kama rangi yake imeshakuwa nzuri.

Kwa msafiri wa pwani ya mashariki, mwezi wa angani una uzito kuliko mwezi wa kalenda. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na bahari ya Paje hukimbia mbali kiasi kwamba wakulima wa mwani huenda mashambani kwao kwa miguu. Anayetaka kuogelea mchana kutwa achague siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo.

Vimbunga ni nadra hapa, kwa sababu karibu na Ikweta nguvu inayoufanya upepo uzunguke ni ndogo. Nadra, lakini vipo: kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini, na Mei 2024 Hidaya ilifika karibu na Mafia. Kwa sababu hiyo sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania asubuhi ya safari, si ya jana yake, na ikitaja upepo mkali au mawimbi makubwa wakati wa kusi, usiuvuke mkondo wa Nungwi, ulio kati ya Unguja na Pemba, kwa chombo kidogo, hata nahodha akikuhakikishia kwamba anaujua.