Somo: Gari linapiga stata bila kuwaka, au geji ya mafuta inadanganya? Pima kabla hujanunua pampu

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la magari ya petroli ambayo pampu imekaa ndani ya tenki. Hapo ndipo zilipo IST, Raum, Premio, Probox, Passo na nyingine nyingi zinazozunguka mjini. Dizeli tuiache, ina mambo yake.

Nasema mapema: gari likikataa kuwaka na mtu akakimbilia dukani kuuliza bei ya pampu, huyo anabahatisha. Pampu inategemea fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya, arthi (njia ya hasi kwenye bodi) na kompyuta ya injini. Kimoja kikigoma, pampu nzima kabisa itaonekana imekufa.

Dalili

Gari linapiga stata vizuri ila haliwaki. Au linawaka, ukifika kwenye mlima kama Kitonga na mzigo linakata nguvu, ukikanyaga zaidi linazidi kulegea. Au asubuhi unapiga stata ndefu ndipo liwake, mchana halina shida. Au linazima kwenye foleni jua likiwa kali, likipoa linawaka. Hizi nne hazina chanzo kimoja, kwa hiyo mweleze fundi ni ipi hasa. Ukimwambia tu "gari bovu" unamfunga macho.

Hatua ya 1: Sikiliza

Nyanyua kiti cha nyuma. Chini ya zulia kuna kifuniko cha bati, chini yake ndiyo kichwa cha pampu. Mtu apige stata, wewe weka sikio hapo. Utasikia mlio mwembamba wa mota.

Hapa wengi wanapotea. Wanaweka swichi ON, hawasikii kitu, wanatangaza pampu imekufa. Toyota nyingi haziendeshi pampu kwa swichi ON peke yake, zinasubiri injini izungushwe. Toyota za zamani zenye kiboksi cha daiagnosisi kwenye injini zina njia rahisi: unganisha FP na +B kwa kipande cha waya, weka ON, pampu itazunguka bila stata.

Hatua ya 2: Fyuzi na rilei

Angalia fyuzi iliyoandikwa EFI, kisha rilei ya pampu, ambayo kwenye Toyota nyingi imeandikwa C/OPN. Badilishana na rilei nyingine yenye namba ileile uone. Fyuzi ikiungua tena na tena, usiweke kubwa zaidi, na yale mambo ya kuzungushia waya wa shaba achana nayo. Kuna waya umechubuka au pampu imekaza inakula umeme mwingi. Hapo ndipo magari yanapowaka moto.

Hatua ya 3: Umeme kwenye soketi ya pampu

Ukiruka hatua nyingine zote, hii usiruke.

Soketi iache imechomekwa, ingiza ncha za mita kwa nyuma kwenye zile waya mbili nene. Nyembamba ni za boya la geji, kile kinachoelea ndani ya tenki kupima mafuta. Piga stata, soma volti, halafu linganisha na volti za betri wakati huohuo wa stata. Tuseme betri inasoma 10.5 na pampu inapata 10: sawa. Betri 10.5 na pampu 7: umeme unapotea njiani, na pampu mpya nayo italegea vilevile. Kupima soketi ikiwa imechomolewa kunadanganya sana, kwa sababu waya uliooza ukabaki na nyuzi mbili bado utakuonyesha 12 kamili kama hakuna kinachovuta umeme.

Ili ujue unapotelea upande gani, weka ncha moja kwenye waya hasi wa pampu na nyingine kwenye hasi ya betri, pampu ikiwa inazunguka. Ikizidi nusu volti, arthi ina kutu au imelegea. Kwangua, kaza, pima tena.

Ukikuta hakuna umeme kabisa, toa plagi moja ya injini uangalie moto. Hakuna moto na hakuna umeme wa pampu? Acha tenki. Kompyuta inaruhusu pampu ikishaona kranki (mhimili mkuu wa injini) inazunguka, na habari hiyo inaletwa na sensa ya kranki. Sensa ikifa, vyote viwili vinakatika. Mara nyingi utaona pia mshale wa RPM umelala kwenye sifuri huku stata inazunguka. Pampu nyingi nzima zimetupwa kwa kosa la sensa hii.

Hatua ya 4: Presha

Umeme upo na mota inalia, basi funga geji ya presha. Kabla ya kufungua mpira wowote: chomoa soketi ya pampu, washa gari lizime lenyewe, halafu toa hasi ya betri. Weka kitambaa, kizima moto kiwe karibu, na asiwepo mtu anayevuta sigara hata mita kumi kutoka hapo.

Injini ya 1NZ-FE (IST, Raum, Probox na wenzake) inatakiwa kuwa na kPa 304 hadi 343, sawa na psi 44 hadi 50. Zima, subiri dakika 5: isishuke chini ya kPa 147. Ikishuka haraka, ndiyo ile stata ndefu ya asubuhi. Valvu ya pampu haizuii mafuta kurudi kwenye tenki, au regyuleta (kidhibiti presha) inavuja, au nozeli inayopulizia mafuta kwenye injini inadondosha.

Presha ndogo na umeme ni mzima, chomoa pampu uangalie kile kichujio cha chini kinachofanana na soksi. Mara nyingi kimejaa tope la mafuta ya kwenye vidumu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kudhibiti uchakachuaji, lakini vinasaba haviondoi mchanga wala maji ya dumu la barabarani. Na kuendesha kila siku taa ya mafuta ikiwaka ni kuichosha pampu, maana inapozwa na mafuta hayohayo yanayoizunguka.

Geji inayodanganya

Toyota nyingi: chomoa soketi kwenye kichwa cha pampu, weka ON, mshale unashuka E. Gusisha waya wa boya kwenye arthi, mshale unapanda kuelekea F. Ikiwa ni geji ya mshale ya zamani, pitishia kwenye balbu ndogo ili usiunguze. Mshale ukitii pande zote mbili, dashibodi na waya ni wazima, tatizo ni boya. Usipotii, fuata waya.

Boya likitoka, pima omu huku unalipandisha taratibu kwa kidole. Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinasoma karibu 400 likiwa chini na karibu 15 likiwa juu. Namba ziteremke bila kuruka. Zikiruka sehemu moja, njia ya kaboni imelika hapo, na ndipo mshale wako unapoanguka ghafla. Tikisa na boya lenyewe sikioni: likicheza maji ndani, limetoboka na halielei tena.

Maswali ya wadau

*Fundi, Raum yangu inazima foleni mchana, nikisubiri kidogo inawaka. Nimeambiwa pampu. Ninunue?*

Bado, mkuu. Sensa ya kranki nayo hufa kwa joto hivyohivyo. Siku likizima, piga stata palepale uangalie mshale wa RPM na umeme wa pampu. Umeme upo na pampu iko kimya, mwambie mtu agonge chini ya tenki kwa nyundo ya mpira huku wewe unapiga stata. Likiwaka, kaboni za mota zimeisha, nunua. Umeme haupo, anza na sensa na rilei.

*Forester inaonyesha robo tenki lakini imenikatikia njiani.*

Tenki la Forester limepanda juu ya propela shafti, lina mabonde mawili na boya kila upande. Kuna kijipampu kinachovuta mafuta ya upande wa pili kuleta kwenye pampu. Kikiziba, hiyo robo ipo kweli, ila pampu haiifikii. Fungua vifuniko vyote viwili.

*Kaka, Passo yangu ilibadilishwa pampu, sasa geji haipandi zaidi ya nusu hata nikijaza.*

Pole dada. Mkono wa boya ulipinda wakati wa kurudisha, au unagonga ukuta wa tenki. Rudi kwa aliyefunga, ni kazi ya kutoa na kunyoosha, asikuuzie kingine. Ukiona anaanza habari za dashibodi, mwambie kwanza agusishe ule waya kwenye arthi mbele yako.

*Freelander ya petroli, nilipiga shimo kubwa likazima hapohapo.*

Tafuta swichi ya usalama inayokata pampu gari likigongwa. Land Rover na Ford nyingi wanayo. Kwa Freelander iangalie kwenye injini, upande wa ukuta wa dashibodi. Nusa kwanza kama kuna petroli inavuja, halafu bonyeza kitufe cha juu.

*Pampu ya mtumba inafaa?*

Orijino ya mtumba naiamini kuliko mpya isiyo na jina. Pima omu kwenye mota: za Toyota ziwe kati ya 0.2 na 3. Ila muuzaji asikujaribishie kwa kuiunga betri ikiwa kavu mezani. Inaharibika kwa kukosa mafuta, na cheche moja karibu na mvuke wa petroli inatosha kuunguza duka.