Tangazo la katazo linaloanza kusimamiwa tena

Mtendaji wa kijiji cha mwambao wa Kigoma anapoandika tangazo kuhusu katazo lililolegea, mathalani la makokoro (nyavu za kukokota), asiandike kwamba katazo hilo "limerejeshwa", kwa sababu msomaji ataelewa kuwa liliwahi kufutwa, na mvuvi aliyekamatwa jana atapata utetezi papo hapo. Aandike "litasimamiwa upya" au, kwa lugha nzito kidogo, "utekelezaji wake utatiliwa mkazo". "Kurejesha" kunafaa kwa zuio lililokwisha muda wake kweli, kama lile la uvuvi wa Ziwa Tanganyika la tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, linapowekwa tena. "Kukazia" ni vyema kuachiwa mahakama, ambako hukumu ndiyo hukaziwa, yaani hulazimishwa kutekelezwa.