Kupima majani ya mstafeli dhidi ya seli za saratani

Majani ya mstafeli yanauzwa kama dawa ya saratani, na mwanafunzi anayeingia maabara kwa mara ya kwanza mara nyingi hutaka kuanza nayo. Yanafaa kujifunzia, maana yana asetojenini, kemikali zinazoua seli kwelikweli. Ila kuua seli si kazi ngumu, hata jiki inaziua. Tunatafuta kitu kinachoua seli za saratani kwa kipimo ambacho seli za kawaida zinakistahimili, na ndiyo maana hatua hizi nimezipanga hivi.

Hatua ya 1: Majani yenyewe
Kata tawi lenye majani, na ua au tunda ukilipata, ulipeleke hebario, yaani hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, likatambuliwe na kupewa namba. Mstafeli na mtopetope ni ndugu wa karibu. Ukikosea hapa, tarakimu zote zitakazofuata ni za mti mwingine. Kausha majani kivulini mpaka yavunjike mkononi, kisha yasage.

Hatua ya 2: Kukamua
Loweka gramu 100 za unga katika lita 1 ya ethanoli ya asilimia 80 kwa saa 72, ukitikisa mara kwa mara. Chuja, kisha ondoa ethanoli kwenye mashine ya kuvukizia, joto lisizidi nyuzi 40. Utabaki na rojo zito la kijani. Lipime uzito, andika, hifadhi kwenye friza. Andaa pia rojo la pili la majani yaliyochemshwa kwa maji, kwa sababu hivyo ndivyo wagonjwa wanavyoyanywa. Kisha yeyusha miligramu 40 za rojo katika mililita 1 ya DMSO, kiyeyushio cha maabara. Hiyo ndiyo akiba yako.

Hatua ya 3: Uduvi kwanza
Seli ni ghali, kwa hiyo anza na uduvi wa Artemia. Mayai yake huuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Yaangue kwa saa 36 hadi 48 chini ya taa, katika maji yenye gramu 38 za chumvi ya bahari kwa lita. Weka viluwiluwi 10 katika kila kichupa cha mililita 5, ongeza rojo kwa vipimo tofauti, kisha hesabu waliokufa baada ya saa 24. Jaribio hili linakuonyesha sumu tu. Usiandike popote kwamba limeonyesha uwezo wa kutibu saratani.

Hatua ya 4: Kupanda seli
Seli za HeLa, zilizotoka kwenye saratani ya shingo ya kizazi ya Henrietta Lacks mwaka 1951, ndizo maabara nyingi zinazo. Panda seli 5,000 katika mikrolita 100 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96. Visima vya pembezoni vijaze maji matupu, kwa kuwa hukauka haraka na kuharibu vipimo. Siku hiyohiyo panda sahani ya pili ya seli za Vero, za figo la tumbili, ambazo si za saratani. Wengi huahirisha sahani hii mpaka waone matokeo ya HeLa, na mimi nalipinga hilo kabisa: bila Vero, matokeo ya HeLa hayana maana.

Kesho yake chukua mikrolita 5 za akiba uchanganye katika mililita 1 ya chakula cha seli, kisha uzimue nusu kwa nusu mara sita. Kuzimua huko kufanyike kwa chakula chenye DMSO ya asilimia 0.5, ili DMSO iwe sawa kila mahali. Weka mikrolita 100 kwa kila kisima. Utapata mikrogramu 100 kwa mililita kushuka hadi 1.56. Acha visima vingine na DMSO pekee, na vingine na doksorubisini, dawa ya saratani, ya kulinganishia. Rudisha sahani kwenye inkubeta kwa saa 48.

Hatua ya 5: MTT, na mtego wake
MTT ni kemikali ya njano ambayo seli hai huibadili kuwa zambarau. Ongeza mikrolita 20 za MTT ya miligramu 5 kwa mililita, subiri saa 4, mwaga taratibu, yeyusha fuwele kwa DMSO, soma kwenye nanomita 570.

Kuna wakati nilipata seli "hai" asilimia 130 kwenye kipimo kikubwa kabisa. Nilipoteza wiki mbili nikidhani mmea unakuza seli, kumbe rojo lenyewe lilikuwa linageuza MTT kuwa zambarau bila seli yoyote! Tangu hapo kila kipimo ninakiwekea visima visivyo na seli, nautoa usomaji wake, na naosha seli kwa bafa (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kabla ya kutia MTT.

Mstafeli una mtego wa pili, kinyume cha huo. Asetojenini huzima mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, na MTT hutegemea uhai wa kimetaboliki. Rangi ikipungua, huenda seli imedhoofika tu na haijafa. Thibitisha kwa kuhesabu seli kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, chini ya hadubini.

Hatua ya 6: Hesabu
Tafuta kipimo kinachopunguza seli kwa nusu, yaani IC50. Kwa rojo ghafi, mpaka unaotumiwa sana ni mikrogramu 30 kwa mililita: IC50 ikiwa chini ya hapo, rojo huhesabiwa kuwa na nguvu. Kisha gawanya IC50 ya Vero kwa ile ya HeLa. Ikitoka 1, una sumu ya kawaida. Mimi huendelea na mmea ukivuka 3, tena baada ya kurudia siku tatu tofauti kwa seli mpya.

Jambo moja zaidi kuhusu mti huu. Anonasini, mojawapo ya asetojenini zake, huua pia seli za neva, na tangu 1999 watafiti katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibiani, wamehusisha matunda na chai ya jamii hii ya miti na aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa wa kutetemeka (Pakinsoni). Hivyo mtu akinijia na mfuko wa majani, akiniuliza kama amchemshie mama yake anayesubiri mionzi, namwomba asimpe, auchukue mfuko huohuo aende nao kwa daktari anayemtibu.