Kipindi kisichofundishwa: kwa mwalimu mkuu mpya wa shule ya kutwa

Nimefundisha hisabati Mombasa miaka 26, kumi ya mwisho nikiwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya kutwa ng'ambo ya Likoni. Tulipoingia pale, wazazi wa mtaa uleule walikuwa wakivusha watoto wao feri alfajiri kwenda shule za kisiwani, wakipita mbele ya lango letu. Nakuandikia wewe uliyekabidhiwa shule ya namna hiyo mwezi huu, na unajiuliza ushike wapi kwanza.

Usishike rangi ya ukuta. Sisi tulianza hapo, pesa ikaisha, na watoto wakafanya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, vilevile.

Nunua madaftari ya kurasa 96, moja kwa kila darasa. Piga mistari: siku, somo, saa mwalimu aliyoingia, saa aliyotoka, sahihi yake. Mpe kiranja alijaze, na Ijumaa jioni likae mezani kwako ulisome mwenyewe, usimwachie karani. Wiki ya kwanza nilipolisoma la kidato cha tatu, kati ya vipindi 7 vya hisabati viwili havikufundishwa. Vyote vilikuwa vyangu. Kipindi ni dakika 40. Viwili kila wiki, kwa muhula wa wiki 13, ni zaidi ya saa 17 ambazo mtoto amekaa kwenye dawati bila mwalimu. Sikulala vizuri usiku ule.

Kabla hujamwita mtu ofisini, tafuta kwa nini kipindi kimepotea. Kimoja kilikuwa cha kwanza Jumatatu: gwaride lilikuwa likirefuka, kila mkubwa anataka kuhutubia. Tuliliwekea mwisho, kengele ikilia hata mgeni ananyamaza. Cha pili kilikuwa cha Ijumaa kabla ya sala, nusu ya darasa limeshatoka kutia udhu na mwalimu anaona haya kuendelea na waliobaki. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ratiba ndiyo mbovu. Tukakihamishia asubuhi. Tukafanya vivyo hivyo kwa kemia na fizikia, kwa sababu kwa joto la mwezi wa pili na wa tatu, chini ya bati, baada ya saa nane mchana, mtoto hashiki kitu. Ramadhani ikiingia panga upya ratiba nzima, masomo mazito yote yakae kabla ya saa tano. Wasiofunga nao watakushukuru.

Kisha nenda kwenye madaftari ya wanafunzi. Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi kuliko popote. Chukua matano kila siku, bila kuchagua. Nilifungua la kijana mmoja wa kidato cha pili, nikakuta −3(x − 4) ameifungua kuwa −3x − 12. Nikageuza ukurasa, kosa lilelile kwa namba nyingine. Mara tisa, kwa wiki tatu, na chini ya kila ukurasa kuna alama ya vema kwa wino mwekundu. Mwalimu alikuwa na madarasa manne yenye watoto zaidi ya 50. Alikuwa akitia vema ili daftari lionekane limesahihishwa. Tulikubaliana chumba cha walimu: usisahihishe yote, sahihisha kumi kwa siku, lakini kila moja liandikwe sentensi moja ya kweli. Kijana yule aliandikiwa "Hasi mara hasi ni chanya, njoo saa saba nikuonyeshe." Alikwenda.

Wastani wa shule hupandia nyuma ya darasa. Katika KCSE, A ni pointi 12 na E ni 1. Wanafunzi wawili wakitoka A- kwenda A umepata pointi 2. Kumi wakitoka E kwenda D umepata 20. Kwa hiyo mwalimu wako bora mpe darasa la wanaoanza, na masomo ya ziada yapewe waliobaki nyuma kabla ya vinara.

Atakuja mtu, pengine hata mzazi, akinong'ona kwamba karatasi za mtihani zinapatikana. Mfukuze. Mwaka 2015 nchi nzima ilikuwa na A zaidi ya 2,600. Wizi ulipobanwa mwaka 2016 zikabaki 141. Shule zilizokuwa zikisifiwa ziliaibika mbele ya watu.

Vyoo vya wasichana viwe na mlango unaofungwa, maji na pipa lenye kifuniko. Fanya wiki ya kwanza, usingoje kamati.

Anayechelewa kwa ajili ya feri aingie darasani, adhabu ije saa kumi. Ukimfyekesha nyasi wakati wa kipindi umempotezea tena. Kiboko kilipigwa marufuku tangu 2001, kiache. Na mvulana anayesinzia kila siku mwulize taratibu kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, bila kumtangaza, kisha mwite mzazi.

Wazazi nao: mkutano uwe Jumamosi saa tisa, mama wa soko la Kongowea ameshauza na baba wa bandarini anaweza kubadilishana zamu. Zungumza Kiswahili. Nimehudhuria mikutano ya Kiingereza ambapo wazazi walipiga makofi wasijue wamekubali nini. Badala ya hotuba, mpe kila mmoja daftari la mwanawe alifungue palepale. Mama mmoja muuza samaki alisoma neno kwa neno alichoandika mwalimu wa Kiswahili, akanyamaza, akaniuliza, "Mwalimu, huyu mwanangu mnamsoma hivi kila siku?" Wiki iliyofuata alimleta mdogo wa mtoto huyo, aliyekuwa akivuka feri kwenda shule nyingine.

Sasa Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, imeanza tangu Januari 2026, na mtoto huchagua shule kwa mkondo anaoutaka. Usitangaze sayansi kama huna mwalimu wa fizikia na maabara yenye maji. Tangaza ulicho nacho, na siku ya kupokea wanafunzi wapya weka lile daftari la vipindi mezani, wazi, kila mzazi alione.